Nilimuua Mama kwenye Ubeti wa Tatu

Mimi ni mtunzi wa nyimbo za kantri. Kama unataka kucheka, cheka umalize, nitakungoja. Nina miaka hamsini na mbili, nilizaliwa Molo, Kenya, naishi Hounslow, London, nasukuma viti vya magurudumu kwenye uwanja wa ndege, na gita langu hulala chini ya kitanda kwa sababu kabati limejaa viatu vya binti yangu. Nimetunga nyimbo arobaini na kitu. Zaidi ya nusu zimeimbwa, na redio za nyumbani zinazipiga. Kati ya hizo, mbili ni za kawaida. Mbaya hakuna hata moja.

Watu wa hapa hupenda kuniuliza Mkenya na kantri, muziki wa Wamarekani wa mashambani, wapi na wapi. Huwa nawajibu kwamba kwetu, kule kwenye baridi, kantri ni kama viazi. Hakuna anayekumbuka vilikuja na nani, na hakuna nyumba isiyokuwa navyo. Jumapili baada ya kanisa redio zote za nyumba za wafanyakazi wa reli zilikuwa kwenye stesheni moja, na ungeweza kutembea kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho bila kupoteza neno la wimbo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mluhya. Mama ni Mkikuyu. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, sisi tulilelewa kwa Kiswahili, na ni kwa Kiswahili ninaandika.

Baba alizipenda nyimbo zile kupita kiasi, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia wakubwa tu. Nikiwa darasa la sita nikawa mkalimani wake. Nakaa kwenye kigoda karibu na redio, mtu anaimba, mimi natafsiri. "Anasema ameachwa na mkewe." Baba anatikisa kichwa. "Anasema amebaki na mbwa." Baba anasikitika zaidi. Pale nilipoona wimbo hauna uchungu wa kutosha niliongeza wangu. Mbwa naye anakufa. Shamba linaungua. Baba hakujua kwamba nusu ya nyimbo alizozililia nilizitunga mimi pale pale kwenye kigoda. Mama, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alijua fika na hakusema kitu. Kazi yangu ilianzia hapo.

London nilifika miaka ishirini na moja iliyopita. Nikafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, nikamzaa binti yangu, nikaachana na babake bila vita, kisha nikapata kazi ya uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo iliyonifanya mtunzi kamili. Ndege ya Nairobi ikitua, mimi niko mlangoni na kiti changu, namngoja mama wa mtu. Wengi wao hawajui Kiingereza, wamevaa sweta tatu, wameshikilia mfuko wenye chapati kama wameshika mtoto. Nikisema tu, "Shikamoo mama, karibu London," kiti kinaanza kuongea. Kutoka mlango wa ndege hadi pale jamaa wanapongoja ni dakika ishirini na tano, na katika dakika hizo nimesikia ndoa zilizovunjika, mashamba yaliyogawanywa vibaya, wana waliopotelea ng'ambo. Daftari langu hukaa mfuko wa ndani wa koti. Nikishamkabidhi mama wa mtu kwa watu wake, nasimama kando nyuma ya nguzo naandika. Wakubwa wangu wanafikiri najaza fomu.

Jumapili moja kila mwezi, mchana, kuna baa moja huku magharibi mwa London ambayo chumba chake cha nyuma hugeuka kuwa Amerika. Wazungu wazee, kofia pana, buti zenye ncha. Siku yangu ya kwanza mtu wa mlangoni alidhani nimekuja kukusanya glasi. Nikamwambia nimekuja kuimba, na nikaimba, kwa Kiswahili, wimbo wa mwanamke anayesubiri treni iliyofutwa. Hawakuelewa neno, lakini hakuna aliyenyanyua glasi yake mpaka nilipomaliza. Mwezi uliofuata yule mtu wa mlangoni alinivutia kiti mwenyewe.

Hapo ndipo mzee mmoja, mfanyakazi wa posta mstaafu mwenye vidole vinene vya ajabu kwa mpiga gita, alinifundisha sheria ya beti tatu. Ubeti wa kwanza mtu anaondoka. Ubeti wa pili anateseka. Ubeti wa tatu anazikwa mtu. Alisema ukizika vizuri hakuna anayekwenda msalani kabla ya kiitikio cha mwisho. Nilicheka, kwa sababu sheria hiyo niliijua tangu kwenye kile kigoda cha baba, ila sikuwa nimejua kwamba ni sheria.

Nyimbo zangu huimbwa na mwanamume mmoja wa Nakuru ambaye sijawahi kukaa naye meza moja. Mimi namtumia wimbo kwa simu, sauti yangu na gita, yeye anaingia studio. Ana sauti ya mtu aliyekula vumbi la barabara akalishushia kwa asali, na ana adabu, kila akiimba redioni hutaja kwamba mtunzi ni dada yetu aliye London. Tumefanya kazi hivyo miaka saba bila kukosana.

Sasa, wimbo wenyewe. Ni wimbo wa mlango wa buluu. Baba alipostaafu walihamia kwenye shamba dogo nje ya Molo, akaupaka mlango wa nyumba rangi ya buluu iliyosalia kazini, na mpaka leo ndio mlango pekee wa rangi hiyo kwenye kilima chote. Nikaweka kila kitu. Nikaweka mlango, nikaweka mti wa saipras uliopigwa na radi ukabaki nusu, nikaweka mguu wa kushoto wa mama anaouvuta tangu alipoanguka kwenye mtaro. Ubeti wa kwanza binti anaondoka na mama amesimama mlangoni. Ubeti wa pili binti yuko ugenini anasukuma mama za watu. Kiitikio ni kifupi:

Mlango wa buluu usifungwe,
mwenyewe naja, mwenyewe naja.

Nikafika ubeti wa tatu na nikafuata sheria. Binti anapanda ndege, anashuka, anapanda kilima mbio, mlango uko wazi, na chini ya saipras kuna udongo mpya. Niliuandika kwenye basi nikienda kazini na nikalia mpaka abiria wa mbele akanipa kitambaa. Usinielewe vibaya, kulia kwa mtunzi ni kama mpishi kuonja mchuzi. Nilikuwa najua nimepika. Mama nilikuwa nimezungumza naye siku tatu kabla, mzima wa afya, ananilalamikia ng'ombe aliyevunja ua. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mama ana redio.

Kosa la pili nalikiri pia. Mwimbaji aliniuliza kama kisa ni cha kweli. Nikamwambia, kila neno, mlango upo, mti upo, mguu upo. Nilisahau kumwambia kwamba udongo haupo. Kwa watu wa kantri hilo halihitaji kusemwa, nilidhani. Yeye akaenda redioni Jumamosi asubuhi, mtangazaji akamuuliza wimbo umetoka wapi, akasema kwa upole wote kwamba dada yetu amempoteza mama, tumwombee.

Kilima kizima kilisikia. Mlango wa buluu ni mmoja tu. Na wiki hiyo mama hakuwa ameonekana siku nne, nyumba imefungwa, simu yake ukipiga unaambiwa mteja hapatikani. Mimi mwenyewe nilipiga Jumamosi hiyo nikaambiwa hivyohivyo, nikadhani chaji imeisha. Majirani wakaunganisha mambo. Maskini mama, amefia huko alikokwenda, na binti ameshaambiwa, ameshatunga hadi wimbo, sisi ndio tumelala. Kufikia Jumatatu akina mama wa kanisa walikuwa wameshaleta unga, sukari na majani ya chai, tenti imesimama uani, sufuria kubwa ziko motoni.

Jumatatu hiyo mchana gari la mdogo wake mama anayekaa Nakuru likaingia uani. Mama akashuka na bandeji kwenye jicho la kulia. Alikuwa amekwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, simu imezimwa ndani ya mkoba. Akatazama tenti kwa jicho lililobaki. Akaona viti, akaona wanawake na vitambaa vya kichwa, akashusha sauti kama inavyotakiwa mahali pa msiba.

"Poleni," akasema. "Nani amekufa?"

Nasikia mama mmoja alikaa chini pale pale kwenye matope na sufuria yake. Mwishowe mwenyekiti wa kikundi, mwanamke jasiri ambaye hajawahi kukosa neno, akasema, "Ni wewe, dada."

Haya yote sikuyapata kwa mama. Niliyapata kwa binti yangu, ana miaka kumi na tisa, yuko chuo, tunakaa naye. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na bibi yake anaelewa Kiingereza kidogo na hujibu kwa Kiswahili, na kila Jumapili wawili hao huzungumza kwenye simu saa nzima na kucheka hadi machozi. Mimi na mama huwa dakika kumi, ng'ombe, mvua, haya Mungu akubariki. Jumatatu ile nilimpigia mama simu mara sita. Hakupokea. Kabla sijapiga ya saba, simu ya binti yangu ikalia chumbani kwake, na baada ya muda akaja jikoni amesimama wima kama polisi.

Alisema ametumwa. Bibi anasema: mwambie mamako marehemu amefika salama.

Nilicheka. Kusema kweli niliona ni jambo la kuchekwa, na nilidhani mama naye anacheka. Nikamwambia binti amwambie pole, ni sanaa tu, nitampigia kesho. Kesho hakupokea. Kesho kutwa vilevile. Jumapili ujumbe ukaja tena kupitia mjumbe wetu wa Kiingereza. Wazee wawili wa ukoo wa baba walikuwa wamekuja kutazama jambo hili, wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai hawezi kuvuka mlango wa nyumba yake hivihivi. Yule aliyemlilia wa kwanza ndiye aje amshike mkono, amvushe, kisha wale pamoja kwenye sahani moja. Basi marehemu hangeingia nyumbani. Marehemu angelala jikoni mpaka aliyemuua aje.

Lazima nieleze jikoni kwetu. Ni kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba, paa la mabati, mafiga matatu, na upenyo kati ya ubao na ubao unaoweza kupitisha kidole. Ilikuwa mwezi wa Julai. Julai Molo hata mbuzi hutamani blanketi. Na huyo ni mwanamke wa miaka sabini na nane mwenye jicho lililopasuliwa juzi.

"Kwani wewe ulijua kuhusu jicho?" nikamuuliza binti yangu.

Alijua. Alijua tangu Aprili. Bibi alimwambia asiniambie: mama yako ana kazi nyingi. Alilisema bila kunilaumu, akafungua friji akatoa maziwa. Mimi nilibaki nimeshika kijiko. Mtu mwingine alijua jicho la mama yangu halioni, na mtu huyo alikuwa mtoto wangu, na wote wawili walikuwa wamekubaliana kwamba nisisumbuliwe. Iliniuma. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Lakini mimi ni mbishi. Nilisema siwezi kuendeshwa na wazee wawili wanaopenda chai. Nilisema mama ni mwanakanisa, hayo ya kuvushwa mlango tangu lini? Na nilisema mtunzi hurekebisha kwa kutunga. Nikakaa na gita nikauandika upya ubeti wa tatu. Binti anapanda kilima, mlango uko wazi, mama anatoka na mwiko mkononi anauliza mbona umekonda. Ulikuwa ubeti mzuri, nasema mwenyewe. Nikamtumia mwimbaji Nakuru.

Aliusikiliza, akanipigia. "Dada," akasema, "huu ni mzuri, lakini haulii. Watu wanaupiga ule wa kwanza kwenye matanga kila wiki. Siwezi kumfufua mtu ambaye watu wameshamzika."

Nikamtumia mama sauti yangu kupitia simu ya binti. Jibu lilirudi kabla sijaweka gita chini: mwambie maiti haisikilizi muziki.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila asubuhi naamka naangalia hali ya hewa ya Molo kabla ya kuangalia ya London. Naona nyuzi sita, nyuzi tano. Nasikia hasira kwa mama, halafu nasikia aibu, halafu navaa koti la manjano nakwenda kusukuma mama za watu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekwenda nyumbani miaka tisa. Hapo awali, kabla ya miaka hiyo, kilichonizuia kilikuwa makaratasi ya ukaazi, na hiyo ilikuwa sababu halali. Makaratasi yalipotoka nikawa nasema Desemba, na Desemba ndio msimu wa kazi. Mara ya mwisho nilikwenda kumzika baba. Siku nne. Nilisimama kando ya kaburi, na wakati mchungaji anaomba mstari ukanijia, nikatoa daftari nikauandika. Nilipoinua macho mama alikuwa ananitazama. Hakusema kitu, kama siku zile za viazi. Tangu hapo nilikuwa naogopa kurudi, na nilichoogopa hasa ni kumkuta amezeeka, kwa hiyo niliendelea kumweka kwenye nyimbo, ambako hazeeki.

Alhamisi moja ndege ya Nairobi ikatua, nikapewa bibi mmoja kutoka Nyeri, mdogo wa umbo, mguu mmoja umefungwa bandeji. Nikaanza kusukuma. Alinisimulia habari za mwanawe daktari, wajukuu wanne. Kisha akageuza shingo akanitazama.

"Na wewe una mama?"

"Ninaye, mama."

"Anakaa wapi?"

"Jikoni," nikasema.

Lilitoka tu. Bibi akaupigapiga mkono wangu uliokuwa kwenye kiti. "Basi mtoe," akasema, kama mtu anayeniambia nitoe sufuria motoni. Nikamfikisha kwa daktari wake na wajukuu wake, nikawaangalia wanavyomkumbatia. Siku hiyo sikuandika kitu nyuma ya nguzo. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi.

Likizo ya Julai kwenye uwanja wa ndege huombwa Januari, kila mtu analijua hilo. Msimamizi wetu ni mwanamke mpole, alinisikiliza, akasema kwa kawaida haiwezekani ila kwa msiba. Kisha akapunguza sauti akaniuliza kama nimefiwa. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeitikia kwa kichwa tu. Miaka tisa iliyopita nilipata likizo kwa neno hilohilo ndani ya dakika mbili. Nilishamuua mama mara moja nikiwa na nia njema, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yangu yu hai. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Akasema nikipata mtu wa kubeba zamu zangu, yeye hatazuia. Nikamfuata mwenzangu mmoja, Mkongomani wa Bukavu ambaye tumesukuma pamoja miaka mingi na ambaye hulalamika kuhusu kila kitu. Nikangoja malalamiko. "Enda, mama," akasema. "Miye nitabaki nasukuma." Akachukua zamu saba. Jumamosi nilipita mlango uleule ninaoufanyia kazi, nikiwa na tikiti mkononi, na wenzangu wakanipigia saluti na kuniuliza kama nahitaji kiti.

Binti yangu alikuwa amemwambia bibi yake kwamba naja. Kwa hiyo nilipopanda kilima, na nilikipanda mbio kweli, nikihema kama trekta, uani walikuwa wamekaa akina mama wa kanisa wote na wale wazee wawili, wameshapewa chai. Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Bandeji imetoka. Alikuwa amekuwa mfupi. Hakuna aliyeniambia kwamba mama amekuwa mfupi.

Alinitazama kwa macho yake yote mawili, polepole, kuanzia viatu.

"Karibu matanga," akasema.

Nililia, na safari hii sikuwa naonja mchuzi. Wanawake walicheka, wakanifuta, wakaniambia haya fanya kilichokuleta. Nikamshika mkono. Nikasukuma mlango wa buluu, tukavuka, yeye akiuvuta ule mguu wa kushoto, tukakaa mezani tukala sahani moja ya irio, viazi vilivyopondwa na mahindi. Wazee wakasema mambo yamekwisha, wakaenda zao. Chumbani kwake niliona kitanda kimetandikwa kimenyooka kama cha mgeni, kuna baridi ya kabati lililofungwa. Nikafungua dirisha, nikakung'uta blanketi, najisikia mtu aliyemaliza kazi.

Nilipotoka sikumwona. Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, anachochea moto.

"Mama, si nimekuvusha? Hebu niambie ukweli, wewe unaamini hayo mambo?"

"Mimi?" akasema. "Mimi nimebatizwa kabla wewe hujafikiriwa. Wale wazee niliwapikia chai nikawaambia la kusema."

"Na ulikasirika vile kwa ajili ya wimbo?"

"Wimbo ni mzuri. Babako angelia mpaka redio izimwe." Aligeuza kuni. "Ile sehemu ya kwamba nimekufa haikunisumbua, nitakufa tu. Lakini nilisikia unavyopanda kilima mbio. Nikasema, kumbe njia anaijua. Kumbe anangoja udongo."

Nikasema kitu cha kijinga, nikasema basi yameisha, leo utalala kitandani kwako, wiki tatu kwenye kibanda hiki zinatosha.

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila mchezo wowote sasa.

"Wiki tatu zipi? Mimi nalala hapa tangu tulipomzika babako. Ile nyumba ni kubwa, na hapa angalau moto unaongea."

Nyuma yake, kando ya ukuta wa mabanzi, palikuwa na godoro. Halikuwa la wiki tatu. Lilikuwa limeshachukua umbo lake, na ubavuni pake, juu ya gogo, kulikuwa na redio, miwani na Biblia, na msumari wa kutundikia koti ambao kutu yake ilikuwa imechora mstari kwenye ubao. Miaka tisa. Kila Jumapili dakika kumi, ng'ombe, mvua, Mungu akubariki, na nyuma ya sauti yake nilikuwa nikisikia kitu kinapasukapasuka nikadhani ni laini mbovu ya simu. Kumbe ni kuni.

Daftari lilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye kiti, ndani. Nikapita mlango wa buluu, nikalipita koti, nikaling'oa godoro la kitanda kile kilichonyooka, nikalibeba kichwani hadi jikoni, nikalilaza karibu na la mama. Alisogeza redio kunipisha.